Tranka la barua za daktari: mwongozo kamili wa kuzitunza, kuzipanga na kuzikabidhi

Matanga yakishaondolewa, huja siku ya kugawana vitu. Huku Moshi, kama marehemu alikuwa daktari wa kujulikana, vitu vya thamani hapo nyumbani havihitaji kutajwa: kihamba (shamba la ukoo), nyumba ya mjini, gari, na ile mashine ya kupimia presha anayoitaka mjukuu anayesomea udaktari. Tranka la bati lililojaa barua juu ya kabati haligombaniwi na mtu. Linashushwa, mmoja anapiga chafya kwa vumbi, mwingine anasema karatasi hizi zipelekwe migombani zikachomwe.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Baba yangu mkubwa alisomea Makerere, akafanya kazi mikoa mitatu, akamalizia hapa Moshi. Aliandika na kupokea barua maisha yake yote. Nilipofika kutoka Arusha moto ulikuwa umeshawashwa na tranka moja kati ya mawili lilikuwa limekwisha. Lililobaki ndilo lililonifundisha haya ninayoandika. Nimeshika nyaraka kazini kwa miaka mingi, lakini barua za daktari ni kitu cha peke yake, na nitaeleza kwa nini.

Kabla hujagusa chochote

Piga picha. Simu yako inatosha. Piga tranka likiwa limefungwa, lifungue, piga tena kutoka juu, kisha kila tabaka unapolitoa. Unarekodi jinsi mwenyewe alivyozipanga, na ukishaupoteza mpangilio huo hutaupata tena.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, tena kwa nia njema. Wanakaa sebuleni, wanagawa marundo mawili: barua za kazi huku, barua za nyumbani kule. Nilifanya hivyo hivyo kwa saa nzima, nikiona naendelea vizuri. Kulikuwa na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kipande cha bendeji ya hospitali, fundo moja la kitabibu, bapa. Ndani yake zilikuwemo barua mbili za daktari mwenzake aliyekuwa Dar es Salaam, fomu ya kuombea picha ya eksirei, na barua nne za dada yake wa Machame akiomba msaada wa ada ya shule. Nikazitoa zile nne nikaziweka rundo la nyumbani. Jioni niliposoma moja hadi mwisho nikakuta mtoto wa kulipiwa ada ndiye huyo huyo wa kwenye eksirei: mguu ulimsumbua, akakosa mwaka mzima wa masomo. Baba mkubwa alikuwa anamtibu mpwa wake, anamtafutia bingwa na kumlipia shule kwa wakati mmoja, na akakifunga kisa chote kwa bendeji moja. Mimi ndiye niliyekifungua. Bahati nilikuwa nimepiga picha, nikakirudisha. (Mwenye mguu huo yupo na anatembea vizuri, na ameniruhusu kukisimulia kisa hiki. Jina lake silitaji.)

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usitenganishe. Kifurushi kibaki kifurushi. Barua iliyokuwa ndani ya kitabu, andika kitabu gani na ukurasa gani. Bahasha isitupwe hata ikiwa tupu. Karatasi isiyo na maana machoni pako, kama risiti ya dawa au orodha ya watu wa kuwajibu, ibaki palepale ilipokuwa. Daktari wa zamani hakuwa na ofisi ya kazi na nyumba ya mapumziko. Watu walibisha hodi usiku, na barua zake zinaonyesha hivyo.

Mahali pa kuziweka

Karatasi inaharibiwa na unyevu, joto linalopanda na kushuka, mwanga, moshi na wadudu. Moshi yetu ina vyote vitano. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mabaya kuliko yote: ukuta wa nje unatoa jasho, na kilichouegemea kinapata ukungu. Chagua chumba cha ndani, mbali na jiko na bafu. Weka boksi juu ya rafu, angalau shubiri moja kutoka sakafuni, lisiguse ukuta. Darini hapafai, mchana bati linapika. Unyevunyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 35 na 50 karatasi inastarehe. Kipimo kidogo cha kielektroniki kinapatikana kwa wauza vifaa vya maabara.

Ukikuta vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu, au matobo yaliyochongwa kama kwa sindano, usipulizie dawa. Dawa ya kupulizia inaacha madoa, na vidonge vya naftalini vinakuumiza wewe utakayekaa nazo kila siku. Funga barua ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyama ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukizitoa usifungue mifuko kwa saa 24, ili ubaridi uishe na maji yasitande juu ya karatasi. Mchwa ni habari nyingine: ukiona njia zao za udongo, ondoa boksi siku hiyo hiyo na shughulikia nyumba.

Zilizolowa zianikwe kivulini juu ya taulo safi, feni ikipuliza pembeni. Jua linafuta wino.

Kusafisha

Nawa mikono, ikaushe kabisa. Glavu hazihitajiki, zinakunyima kuhisi karatasi na utaichana. Laza barua mezani juu ya kitambaa cheupe, fagia vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukungu wenye unga fagilia nje ukiwa umevaa barakoa.

Pini, klipu na stepla zitolewe, kwa sababu zina kutu na kutu inakula karatasi. Usizivute. Pini iliyoshika kutu telezesha kipande cha plastiki nyembamba kati yake na karatasi, pande zote mbili, kisha iondoe polepole. Barua zilizokuwa zimebanwa pamoja ziweke ndani ya karatasi moja iliyokunjwa ili ushirika wao ubaki. Karatasi isiyo na tindikali ndiyo nzuri zaidi. Ukiikosa, tumia nyeupe safi ya fotokopi kuliko gazeti au bahasha za kaki.

Selotepu, hapana. Gundi, hapana. Na juu ya yote usilaminishe. Jirani yetu alipeleka barua sita za marehemu mume wake kwenye duka la stesheni mjini, kijana pale akamshauri azilaminishe zidumu. Joto la mashine likayeyusha wino wa mbili, na zote sita sasa zimeganda ndani ya plastiki isiyotoka. Alilia mbele yangu. Sikuwa na la kumsaidia.

Barua iliyofifia usiipitishie kalamu juu. Kufifia si kufa. David Livingstone, ambaye watu wanasahau kwamba alikuwa daktari, mwaka 1871 aliishiwa karatasi na wino akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mmea wa huko. Kwa zaidi ya karne maneno yale yalikuwa karibu hayasomeki. Mwaka 2011 watafiti walitoa picha za kurasa hizo zilizopigwa kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, na maandishi yakatokeza. Kama mtu angezifuatisha kwa kalamu ili kuzisaidia, yangepotea moja kwa moja.

Namba na rajisi

Kila kifurushi kipe namba, na kila barua ndani yake namba yake. Andika kwa penseli ya 2B, kwa wepesi, pembe ya chini nyuma ya karatasi. Kisha fungua daftari kubwa la rajisi, au jedwali kwenye kompyuta, na kwa kila barua uandike: namba, tarehe, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, mahali ilikoandikiwa, lugha, idadi ya kurasa, hali yake, na mstari mmoja wa kusema inahusu nini. Usiandike jina la mgonjwa kwenye mstari huo. Andika “mgonjwa, mtoto, mguu” na yatosha. Rajisi itasomwa na watu wengi kuliko barua zenyewe.

Nakala za kaboni zitambue mapema: karatasi laini, herufi zilizoumuka kidogo, mara nyingi hazina sahihi. Hizo ni barua alizozipeleka yeye. Ni dhahabu, kwa sababu asili zake ziko kwa watu wengine au zimekwisha. Zinapaka mikono na zinapaka jirani. Kila moja iwe na karatasi yake ya kuifunika.

Zisizo na tarehe

Hapa raha ipo, na nakiri hukaa kwenye meza hii kuliko meza nyingine yoyote. Bahasha yenye stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja mara nyingi ni ya kabla ya Uhuru. Yenye jina la Tanganyika peke yake, kwa kawaida iko kati ya Desemba 1961 na mwaka 1964. Kichwa cha barua kikisema Jimbo la Kaskazini, lililoziweka Arusha na Moshi pamoja, ni cha kabla ya mikoa tunayoijua. Bei zikitajwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, huenda ni kabla ya Juni 1966 shilingi yetu ilipoanza. Barua kutoka hospitali ya Princess Margaret, Dar es Salaam, iliandikwa baada ya 1956 na kabla jina la Muhimbili halijazoeleka. Yenye anwani ya KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, haiwezi kuwa kabla ya hospitali ile kufunguliwa, Machi 1971. Na anayelalamikia Posta ya Afrika Mashariki kana kwamba bado ipo, aliandika kabla Jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977.

Tarehe uliyoikisia iandike ndani ya mabano ya mraba na alama ya kuuliza, pamoja na sababu: [1964?], stempu. Atakayekuja baada yako ajue kipi ulikiona na kipi ulikisia.

Mwandiko wenyewe utakusumbua mwanzoni. Anza na barua ambazo unajua zinasema nini, za salamu na mialiko, ujifunze herufi zake, ndipo uende kwenye za kitabibu. Vifupisho vya Kilatini vinajirudia: Rx ni maagizo ya dawa, bd ni mara mbili kwa siku, tds ni mara tatu. Neno usilolisoma acha nafasi, usibuni. Muuguzi mstaafu yeyote wa mtaani kwako atalisoma kwa sekunde mbili, mwandalie chai.

Usidharau karatasi za kuchapishwa zilizotumwa kwa posta, maswali ya kujaza na mihtasari. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto, ule unaoitwa kwa jina lake leo. Ili ajue unapatikana wapi alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akawa anachoma pini kwenye ramani kwa kila jibu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kiasi cha kilometa 16,000 kwa wiki kumi, Tanganyika ikiwemo njiani, kuuliza ana kwa ana. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua na unapungua milimani. Ugunduzi ule ulijengwa na majibu mafupi ya madaktari wa wilayani. Kama daktari wenu alikuwa hospitali ya misheni miaka ile, angalia vizuri kabla hujaita karatasi takataka.

Mgonjwa

Barua ya kawaida ina wenyewe wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa. Barua ya daktari ina wa tatu, mgonjwa, ambaye mara nyingi hakujua kwamba ameandikwa. Alivua shati mbele ya mtu mmoja, si mbele ya wajukuu wa mtu huyo. Hili ndilo linalozitenganisha na barua zote nilizowahi kushika.

Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, tangu 1968 linasema wazi kwamba siri za mgonjwa zinatunzwa hata baada ya kifo chake. Hapa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini hata pasingekuwa na sheria: Moshi ni mji mdogo. Ukiandika “mama mwenye duka karibu na stendi ya Rombo, mwaka 1986” umeshamtaja. Barua za miaka ya 1980 zinataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa UKIMWI ulianza kuripotiwa nchini mwaka 1983, na madaktari waliandikiana kwa uwazi kuhusu watu ambao watoto wao bado ni majirani zetu.

Basi baada ya kusoma kila barua, iwekee alama moja ya penseli kwenye rajisi. W kwa zilizo wazi: salamu, kazi, siasa, kihamba, mikutano. S kwa za kusubiri: mgonjwa anatajwa lakini si kwa namna ya kutambulika, au familia yake inaweza kuombwa ruhusa. F kwa za kufungwa. Hizi zihifadhiwe kama nyingine, zisichomwe, ila ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuandikwa juu mwaka wa kufunguliwa. Hifadhi nyingi za Uingereza hufunga taarifa za wagonjwa kwa kiasi cha miaka 100, na sioni sababu sisi tuwe wepesi zaidi. Asome mtu mmoja au wawili tu, waliokubaliwa na kikao cha familia. Sio kila mtu sebuleni, na kamwe isipigwe picha kwenda kundi la wasapu la ukoo.

Utakutana pia na siri za nyumbani, mtoto wa nje au deni au ugomvi wa mpaka. Hizo pia S, mpaka wazee wakae.

Karatasi ni yenu, maneno si yenu yote

Barua aliyopokea daktari ni mali ya warithi wake kama karatasi. Maneno yaliyomo ni ya aliyeandika, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 yanabaki yake, kisha ya warithi wake, kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukitaka kuchapisha barua ya profesa wa Kampala, tafuta familia yake. Barua alizoandika daktari wenu mwenyewe mnaweza kuzichapisha hata kama karatasi zenyewe ziko kwa mtu mwingine, alimradi warithi mmekubaliana na mgonjwa amelindwa.

Kuskani

Skana bapa ya mezani, si ile ya kumeza karatasi. Nukta 300 kwa inchi ni kima cha chini. 400 kwa mwandiko mwembamba. Rangi kamili hata kama barua ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ya wino ni ushahidi. Skani mbele, nyuma, na bahasha. Faili lipewe namba ile ile ya rajisi. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja kwa ndugu aliye mji mwingine. Zile za F zikae kwenye diski yenye nywila, zisipande mtandaoni. Flashi pekee si hifadhi.

Zipelekwe wapi

Familia ikiweza kutunza, itunze. Ikiwa hakuna wa kukaa nazo, kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna maktaba za vyuo vikuu vya tiba, na kuna hifadhi za dayosisi, kwa sababu hospitali nyingi za milimani zilianzishwa na makanisa. Makerere ina maktaba ya tiba yenye jina la Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo mwaka 1897, na kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo zimesomwa na wanahistoria wengi kwa sababu tu hazikutupwa.

Msikabidhi bila hati. Iandikwe ni nini kinatolewa, kwa namba za rajisi. Kama ni zawadi au amana. Zipi zimefungwa hadi mwaka gani. Nani ataulizwa mtu akitaka kuchapisha. Wasaini wawili wa familia na mpokeaji, na mbaki na nakala ya hati, rajisi na skani zote. Ofisi moja, ambayo siitaji, ilipokea boksi la mzee mmoja ninayemfahamu kwa neno la mdomo. Miaka mitatu baadaye hakuna aliyekumbuka lilipowekwa.

Nusu nyingine

Katika tranka mna barua alizopokea. Alizoandika ziko kwenye matranka ya watu. William Osler, daktari na mwalimu wa tiba mashuhuri kutoka Kanada, alipofariki mwaka 1919, barua zake zilikusanywa kutoka kwa rafiki na wanafunzi wake, na daktari wa upasuaji Harvey Cushing akazitumia kuandika maisha yake kwa juzuu mbili zilizotoka 1925. Fanyeni hivyo kwa kipimo chenu. Toeni kwenye rajisi majina ya walioandika zaidi ya mara tatu, wapigieni wao au watoto wao, ombeni kuskani tu na kuwarudishia. Mtu akisikia hutaki kumnyang'anya, atafungua kabati.

Mimi nilianza na shangazi wa Machame, yule wa ada. Nilikwenda Jumamosi, nikamkuta anachambua kahawa barazani.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kuchukua barua za kaka?”

“Kuzipiga picha tu, shangazi. Zitabaki kwako.”

Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akarudi na Biblia yake. Zilikuwa saba, zimelala ndani ya jalada la nyuma, zote kwa kalamu ile ile ya bluu. Tuliziskani mezani pake kabla ya chakula cha mchana, na kwenye rajisi zimeandikwa namba 412 hadi 418.